Picha Haina Mdomo: Nani Anasimama Karibu Nayo?



Juma hili safu yetu ya malezi inajibu swali ambalo limerudi katika mikutano zaidi ya mara moja. Ni swali la telefone na vichekesho. Mama mmoja alilieleza hivi: mtoto wake wa miaka 7 anapata telefone ya kaka yake jioni, anajikunja kwenye kona ya kitanda, anatazama zile video fupi za kuchekesha, anacheka peke yake mpaka machozi. Siku moja mama akachungulia. Ndani ya video mwanaume alikuwa anampiga mke wake kofi kwa sababu sombe ilizidi chumvi. Sauti za watu zilicheka, na mtoto naye akacheka. Mama akatuuliza: nimnyang'anye? Niifiche telefone? Ama niache tu, kwa sababu kila nyumba ni hivyo?

Wengine walisema ifichwe. Wengine wakasema mtoto wa leo hawezi kukaa bila picha. Mimi ninaomba tuzunguke kidogo kabla ya kurudi kwa telefone, kwa sababu swali hili lina umri mkubwa kuliko telefone. Tangu siku picha zilipoanza kutembea ukutani, watu wamekuwa wakiuliza: picha iachwe peke yake, ama mtu asimame karibu nayo na kuisemea?

Mchoraji na mnyama wake wa karatasi

Tuanze mbali, Marekani, mwaka 1914. Sinema ya wakati ule haikuwa na sauti. Watu wengi waliiona ndani ya kumbi za michezo walizoziita vaudeville. Ulilipa kiingilio kimoja, na usiku huo jukwaani wakapita watu mmoja baada ya mwingine: mwimbaji, mchekeshaji, mwenye mbwa wanaotembea kwa miguu miwili, mwanasarakasi. Katikati ya hao, mara nyingine, kitambaa cheupe kiliteremshwa na picha zinazotembea zikaonyeshwa kwa dakika chache.

Katika kumbi hizo alifanya kazi Winsor McCay, mchoraji wa katuni za magazeti. Februari 1914, katika ukumbi wa Palace mjini Chicago, alitoka mbele ya watu na mjeledi mkononi, kama wale wanaofundisha simba. Akawaambia watu kwamba anaye mnyama mtiifu, jina lake Gertie. Gertie alikuwa dinosauri, mmoja wa wale wanyama wakubwa waliokwisha duniani zamani kabisa, kabla hapajawa na mtu. Lakini huyu wa McCay alikuwa wa karatasi: picha za kuchorwa kwa mkono, zikipitishwa haraka mbele ya taa mpaka macho yakaona mnyama mmoja anayepumua.

McCay akamwita kwa jina. Kwenye kitambaa kichwa kikachungulia, shingo ndefu ikafuata, Gertie akatoka polepole kama mtoto mwenye haya mbele ya wageni. McCay akamwambia awasalimie watu, akainama. Akamwambia ainue mguu, akainua. Akamwambia tena, akachoka, akataka kumng'ata bwana wake. McCay akamgombeza, na yule mnyama mkubwa kama nyumba akaanza kulia machozi. Hapo ukumbi mzima ukacheka, na nafikiri kila mama aliyekuwa ndani alimtambua mtoto wake.

Ili kumbembeleza, McCay akachukua tunda na kumrushia. Tunda la kweli alilificha haraka, watu wasione. Wakati uleule, kwenye kitambaa, Gertie akadaka tunda la kuchorwa. Mwisho, McCay akatembea mpaka nyuma ya kitambaa, akatoweka, na palepale kwenye picha akatokea McCay mdogo wa kuchorwa. Gertie akamwinua, akamweka mgongoni, wakaenda zao.

Kazi ile haikuwa mchezo. McCay alichora maelfu ya karatasi nyembamba, moja baada ya nyingine, kila moja na tofauti ndogo. Kijana jirani yake alimsaidia kunakili mawe na ziwa kwenye kila karatasi, kwa sababu kila karatasi ilihitaji kuwa na kila kitu. Ili Gertie apumue kama kiumbe hai, McCay alipima pumzi zake mwenyewe kwa saa. Na jukwaani ilimbidi ajue kila nukta ya filamu, kwa sababu picha haimngoji mtu. Akichelewa kidogo kutoa amri, Gertie anainama kabla ya kuambiwa, na mchezo umekufa.

Lakini ndani ya nafasi aliyopewa na picha, maneno yalikuwa yake. Angeweza kuongeza neno kwa ajili ya mzee wa mstari wa mbele ambaye hakuelewa. Angeweza kumtania mtoto anayelia. Watu hawakuja kuona picha peke yake, wala McCay peke yake. Walikuja kuona yale mawili yakizungumza.

Haikudumu. Mwenye gazeti alilolifanyia kazi, tajiri William Randolph Hearst, hakupenda mchoraji wake azunguke kwenye kumbi, akambana abaki kwenye meza ya kuchora. Kabla ya mwaka uleule kwisha, filamu ikatengenezwa upya ili iweze kuonyeshwa bila yeye. Maneno yake yakaandikwa kwenye kadi, zikawekwa kati ya picha. Filamu hiyo ipo mpaka leo na bado inachekesha. Lakini kadi haisikii kama mtoto analia, wala haijui kama mzee ameelewa. Kadi inasema neno lilelile kwa kila mtu, kila siku.

Wamama, shikeni hapo. Picha ya kwanza ilikuwa na mtu karibu. Picha ya pili iliachwa peke yake. Telefone iliyo kwenye kona ya kitanda ni mtoto wa ile ya pili.

Hapa kwetu Kongo: Matamata na Pilipili

Sasa turudi nyumbani. Wakati wa Wabelgiji, sinema katika Kongo ilikuwa kitu cha kulindwa. Serikali ya kikoloni ilitenga filamu za Wazungu na filamu ambazo Mwafrika aliruhusiwa kuziona. Wakubwa walisema kwamba Mwafrika hataelewa filamu za Ulaya, ama zitamharibu tabia na kumpunguzia heshima kwa Mzungu. Basi zikatengenezwa filamu "kwa ajili yake", na wamisionari Wakatoliki walikuwa mbele katika kazi hiyo. Léopoldville, Kinshasa ya leo, Padri Alexandre Van den Heuvel alitengeneza katuni za Mboloko, yule swala mdogo mjanja wa hadithi. Hapa Bukavu Mapadri Weupe walikuwa na nyumba yao ya filamu, Africa Films, chini ya Padri Roger De Vloo. Na Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, Padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili.

Matamata alikuwa mnene. Pilipili alikuwa mwembamba. Wote wawili walikuwa Wakongo, na katika miaka ya 1950 sura zao zilijulikana mbali kuliko Kasai. Ulikuwa ucheshi wa mwili: kukimbizana, kudanganyana, kuanguka, halafu mwisho fundisho la padri. Mwaka 1996 Tristan Bourlard alitengeneza filamu nzima ya kueleza habari za wachekeshaji hao.

Maonyesho ya wakati ule yalikuwa namna gani? Mashini ililetwa misioni ama kijijini, kitambaa kikafungwa, giza likangojewa. Kongo ina lugha nyingi, na Kifaransa kilikuwa cha wachache. Kwa hiyo mara nyingi mtu alisimama karibu na mashini na kueleza picha kwa lugha ya mahali. Yeye ndiye aliyewapa watu wa kwenye kitambaa sauti. Wala hakuwa McCay, kwa sababu filamu haikuwa yake. Lakini mdomo ulikuwa wake.

Hapa ninaomba tuseme mambo mawili bila kuficha. La kwanza, watu walicheka kweli, na hakuna aibu ndani yake. Kuona mtu wa kwenu kwenye kitambaa, anatembea kama jirani yako, ni furaha. La pili, kicheko kile kilikuwa na mwenyewe. Aliyeshika kamera ndiye aliyeamua nani awe mjinga, nani adanganywe, nani aanguke matopeni. Mkongo alicheka juu ya Mkongo. Filamu ya kuwachekesha Wakongo juu ya mkubwa wa kizungu isingepita mbele ya wale waliokagua filamu.

Ndiyo maana yule msemaji wa karibu na mashini alikuwa na uzito. Picha ni ileile: mtu mwembamba ameiba kuku na anakimbizwa. Msemaji mmoja anaweza kusema, "Tazameni mpumbavu huyu, ndivyo nyinyi mlivyo." Mwingine anaweza kusema, "Tazameni ndugu yetu, njaa imempeleka wapi." Watu watacheka mara zote mbili. Lakini wataenda nyumbani na kitu tofauti ndani ya roho.

Majirani na kazi ya kugeuza wali

Msemaji huyo hakufa pamoja na ukoloni. Alihamia kwenye vibanda vya video. Dar es Salaam alijulikana sana mmoja aliyeitwa Lufufu, ambaye alieleza kwa Kiswahili filamu za Marekani, za Kihindi na za Hong Kong. Wenye kazi hiyo Tanzania wana msemo kwamba wanageuza wali kuwa pilau. Filamu iliyokuja ni wali mweupe, wao wanaweka viungo: utani, methali, majina ya mitaa ambayo kila mtu anaijua. Uganda wanawaita VJ, na wanaeleza kwa Kiganda. Pale Wakaliga, mtaa wa Kampala ambako Isaac Nabwana anatengeneza filamu zake za vita na vichekesho kwa fedha kidogo sana, msemaji VJ Emmie anapiga kelele juu ya filamu yote, anashangilia, anamcheka hata shujaa wa filamu. Ukitoa sauti yake, nusu ya utamu imekwenda.

Ninyi mliopita karibu na vibanda vya video huku kwetu mnajua habari hiyo. Filamu ya lugha usiyoijua inaeleweka kwa sababu kuna mtu anakuambia huyu ni mama mkwe, yule ni mwizi, na yule mwenye suti ni yule padiri wa uongo aliyeoa jana.

Lakini tusiwapambe wasemaji. Msemaji anaweza pia kuharibu. Kuna wanaogeuza kila mwanamke wa filamu kuwa malaya, kila mzee kuwa mchawi, kila mtu wa kabila fulani kuwa mwizi, kwa sababu watu wanacheka haraka juu ya maneno hayo. Pilipili kidogo inatia ladha, ukimwaga kopo lote umeharibu chakula. Kwa hiyo haitoshi kusema mtu asimame karibu na picha. Lazima tuulize ni mtu gani, na anamcheka nani.

Kwa nini jambo hili ni zito Kavumu

Huku Kivu tumeona pia picha iliyosimamiwa vizuri. Wadada wawili Waholanzi, Ilse na Femke van Velzen, walitengeneza filamu juu ya wanawake wa Kongo waliobakwa na jinsi familia zao zilivyowapokea ama zilivyowafukuza. Ya kwanza ilitoka mwaka 2007. Filamu hizo zilizungushwa vijijini kwa sinema ya kutembea, pamoja na shirika la Search for Common Ground. Kitambaa kilifungwa nje, giza likaingia, watu wakatazama. Halafu kazi haikuishia pale. Waliofika na filamu walifungua mazungumzo, kwa sababu filamu ya namna ile ukiwaachia watu peke yao, wanaweza kuondoka na uchungu tu, ama na kicheko cha aibu, na hakuna kilichobadilika nyumbani.

Ninasema kicheko cha aibu kwa sababu tunakijua. Mtu akiona jambo ambalo hajui aliweke wapi, anacheka. Watoto wanafanya hivyo zaidi kuliko sisi.

Na sisi wa Kavumu tuna sababu yetu ya pekee. Hapa hapa, mwishoni mwa mwaka 2017, mahakama ya kijeshi ilikaa na kusikiliza kesi ya watoto wetu wa kike waliochukuliwa usiku kutoka vitandani mwao. Desemba ya mwaka ule mkubwa wa kundi lile na wenzake walihukumiwa kifungo cha maisha. Sitataja majina, na familia hizo sitazigusa. Zinastahili kimya chetu cha heshima. Ninalisema kwa sababu moja tu. Katika mahali ambapo jambo hilo lilitokea, mtoto kucheka akiona mwanamke anapigwa, ama msichana anavutwa kwa nguvu ndani ya video "ya mchezo", si jambo dogo. Mtoto hana kosa. Video inamwambia: hapa unacheka. Kama hakuna sauti nyingine ndani ya chumba, ataamini video.

Katika miezi hii ya wasiwasi, watoto wetu wanahitaji kucheka. Wamesikia risasi, wamebeba mizigo, shule zimefungwa na kufunguliwa. Tukiwanyima kicheko tutakuwa tumewanyang'anya dawa. Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama si kuzima kicheko. Ni kumpa kicheko hicho mtu wa kukisimamia.

Tufanye nini nyumbani

Haya ni mambo matano. Hayahitaji fedha nyingi.

*Moja.* Usimshtue mtoto kwa kumnyang'anya. Ukimnyang'anya kwa hasira, kesho atatazama kwa jirani, nawe hutajua. Kaa karibu naye, mwambie: "Nionyeshe kile kinachokuchekesha, mimi pia nicheke." Atakuonyesha. Cheka kile cha kuchekesha. Usijifanye jiwe, maana mtoto akiona hucheki kamwe, hatakuita tena.

*Mbili.* Video ikifika mahali pabaya, isimamishe kwa kidole na uulize swali moja tu: "Tunamcheka nani hapa?" Halafu la pili: "Yule anayechekwa, akiwa hapa pamoja nasi, naye atacheka?" Usihubiri. Mtoto wa miaka 7 anaweza kujibu swali hilo vizuri kuliko sisi. Kama mume anaanguka ndani ya ndoo yake mwenyewe, yeye pia anaweza kucheka. Kama mke amepigwa kofi, hawezi. Mtoto akishaiona tofauti hiyo kwa macho yake, ataiona hata siku ambayo haupo.

*Tatu.* Jioni moja kwa juma, toa sauti ya video. Weka telefone mahali ambapo wote wanaona, na koko wa nyumba awe msemaji. Aeleze kwa Mashi, kwa Kiswahili, kwa lugha anayoitaka. Asipojua ni nini kinatokea, abuni. Mtaona kicheko cha kweli, na watoto watasikia lugha ya kwao ikifanya kazi ambayo walidhani ni ya Kifaransa na Kiingereza tu.

*Nne.* Juma linalofuata, mtoto awe msemaji. Mtoto anayeisemea picha haimezi tena kama maji. Anaanza kuchagua: hapa niseme nini, huyu nimpe sauti gani? Ukitaka kujua mtoto wako anafikiri nini juu ya wamama, wababa, askari na maskini, msikilize akiwapa sauti.

*Tano.* Siku ambayo umeme hakuna na batri imekwisha, jaribuni mchezo wa McCay. Funga shuka jeupe mlangoni. Kata kwenye katoni kuukuu mnyama wa hadithi, sungura ama chui, mwenye shingo ama mguu unaotikisika. Unganisha kiungo kwa uzi. Mtoto mkubwa akae nyuma ya shuka na tochi na mnyama wake. Tumieni tochi, si mshumaa, maana shuka linashika moto upesi. Mama akae mbele na kijiti mkononi, amwite sungura, amwambie awasalimie wageni, amgombeze, ambembeleze, amrushie ndizi. Ndizi ifiche chini ya kitenge, na nyuma ya shuka kivuli cha ndizi kitokee palepale. Mwisho mama aende nyuma ya shuka, na kivuli chake kiondoke pamoja na sungura. Mkikosea wakati, sungura akasalimia kabla ya kuambiwa, chekeni. Hicho ni kicheko ambacho hakimwumizi mtu.

Ninapendekeza pia kwa chama chetu. Tukipata siku ya kuonyesha filamu kwa familia, tusikodi mashini na bafle tu halafu tukae kimya. Tuchague mapema mama mmoja mwenye ulimi mzuri na mama mmoja mwenye busara. Waitazame filamu kabla, wapatane ni wapi wa kwanza atatia viungo na ni wapi wa pili atasimamisha na kuuliza. Tunao wamama ambao sokoni wanaweza kuchekesha meza nzima kwa habari ya bei ya maharagwe. Kipaji hicho tukiweke pia kwenye malezi.

Jibu kwa mama aliyeuliza

Mama yangu, telefone usiifiche, wala usiiache. Ikae mahali watu wanapokaa, si kwenye kona ya kitanda. Kaka mtu naye umwambie: anayempa mdogo wake telefone, anakaa naye mpaka irudi mkononi mwake. Na ile video ya kofi, irudieni siku moja mkiwa pamoja, bila sauti. Umwache mtoto ampe yule mke maneno yake mwenyewe. Sisi tulijaribu zoezi hilo katika kikundi chetu kidogo, na msichana mmoja wa miaka 9 akampa yule mke neno hili: "Kesho upike wewe." Wote walicheka, wababa pia. Hakuna aliyemcheka mke.

Kazi ya juma hili: kila nyumba ichague jioni moja, itoe sauti, na impe mtu mmoja wa nyumba kazi ya msemaji. Katika mkutano ujao tutapeana habari: nani alikuwa msemaji, nani alichekwa, na je, yule aliyechekwa angeweza kucheka pamoja nasi? Wale wenye shuka la zamani na katoni, waje navyo.

Tuonane juma lijalo, Mungu akitujalia amani.